Jiwe jeusi la Mpwapwa: shaba imejificha wapi?

Swali: Sisi ni vijana wanne wa Mpwapwa. Kwenye eneo letu lenye leseni ya uchimbaji mdogo tumepata mawe ya kijani ambayo wenyeji wanasema ni shaba. Mnunuzi ametupa bei ndogo, anadai mzigo ni hafifu. Babu wa mwenzetu ni mhunzi, na anasema wazee walikuwa wakitoa chuma kwenye mawe kwa mkaa na mivukuto tu. Basi tukayasaga mawe hadi yakawa unga, tukachanganya na mkaa kwenye tanuri lake la kuhunzia, tukawasha bloa kwa muda wa saa tatu. Tumepata bonge jeusi linalong'aa kama chupa, lina madoa mekundu na ya kijani, na ndani yake vipunje vichache vya rangi ya shaba. Tumekosea wapi? Moto haukutosha? Na je, tunaweza kuyeyusha wenyewe?

Jibu: Moto ulitosha, ndugu zangu. Vile vipunje visingejiviringa kama joto halikufika nyuzi 1,085, ambazo ndizo shaba huyeyukia. Kilichokosekana ni vitu viwili: hewa haikudhibitiwa, na mawe hayakupewa kitu cha kuyafanya yatiririke. Shaba yenu kwa sehemu kubwa imo ndani ya bonge hilo. Msilitupe, lina kazi, na nitaifikia.

Mawe ya kijani ya namna hii mara nyingi ni malakaiti. Malakaiti safi ina shaba asilimia 57.5 kwa uzito. Iliyobaki ni oksijeni, kaboni na maji. Ukiipasha polepole inapoteza maji na hewa ya ukaa, na ikifika nyuzi 350 hivi imekwisha kuwa nyeusi: hiyo ni oksidi ya shaba. Kilo 10 zinabaki kilo 7.2. Hapo ndipo mkaa unapoanza kazi yake ya pili. Wengi huudhania kuwa ni kuni ya kuleta joto tu, kumbe mkaa ukiungua kwa hewa chache hutoa kaboni monoksidi, gesi yenye njaa ya oksijeni. Gesi hiyo ndiyo inayoinyang'anya oksidi oksijeni yake na kuiacha shaba tupu. Kwa shaba tendo hili ni jepesi: linakwenda vizuri hata kwenye nyuzi 700 au 800, kabla metali yenyewe haijayeyuka.

Ugumu umo kwenye jiwe lisilo shaba, hasa yale mawe meupe ya kwatzi yaliyoshikana na malakaiti. Kwatzi peke yake huyeyuka kwenye zaidi ya nyuzi 1,700, joto ambalo tanuri la mkaa la kijijini halilifikii. Lakini ikikutana na oksidi yoyote iliyo karibu, hushikamana nayo na kuyeyuka kwa joto la chini zaidi. Inashika majivu ya mkaa, inashika udongo wa ukuta wa tanuri, na kama hakuna kingine inashika oksidi ya shaba. Hivyo ndivyo ilivyotokea kwenu. Rangi za bonge zinasema wazi: wekundu mzito ni oksidi nyekundu ya shaba, na ukijani ni shaba iliyoyeyuka ndani ya kioo. Zote mbili ni alama za hewa kuzidi mkaa. Tanuri la mhunzi limetengenezwa kwa kupasha chuma, lina kina kifupi na liko wazi, na upepo wa bloa unafika kwenye madini kabla haujaisha oksijeni yake. Unga mlaini nao ukaongeza tatizo: mwingine ulipeperushwa, mwingine ukaziba nafasi kati ya makaa.

Sasa kuhusu wazee, kwa sababu babu amesema kweli na bado mmekwama. Kazi ya kutoa chuma ilienea sana katika nchi hii. Kondoa, katika mkoa wenu huohuo wa Dodoma, ardhini bado kunaokotwa mavi ya chuma, yaani taka za mawe zilizoyeyuka na kuganda, na vipande vya mirija ya udongo iliyopitisha upepo wa mivukuto. Ufipa walijenga matanuri marefu ya kiasi cha meta tatu yaliyovuta hewa yenyewe bila mivukuto, kisha wakasafisha chuma kwenye tanuri dogo la pili. Buhaya walisukuma mirija ndani sana ya tanuri hivi kwamba hewa ilipata joto kabla ya kugusa mkaa. Watafiti Peter Schmidt na Donald Avery waliandika habari hizo mwaka 1978 na kuwashangaza wengi walioamini kwamba maarifa hayo yalianzia Ulaya katika karne ya 19.

Kuna siri moja iliyowasaidia wahunzi wote hao, nayo ndiyo jibu la swali lenu. Mawe ya chuma hujibebea kiyeyushi chake. Sehemu ya oksidi ya chuma hushikana na kwatzi na kuwa mavi ya chuma yanayoyeyuka kwenye nyuzi 1,200 hivi, yanatiririka chini, na kuliacha tonge la chuma likiwa safi kiasi cha kufulika. Kwa kawaida chuma hakikuyeyuka kwenye matanuri hayo, maana kikiwa safi kinahitaji nyuzi 1,538. Mavi yake ndiyo yaliyoyeyuka. Mhunzi alipoteza sehemu ya chuma chake ili apate iliyobaki, na hakuona hasara kwa sababu mawe yenyewe yalikuwa mengi. Mawe yenu ya shaba hayana chuma cha kujitoa hivyo. Msipoyapa chuma, shaba yenyewe ndiyo inayojitoa. Huko Timna, kusini mwa Palestina ya kale, wayeyushaji wa shaba waliijua siri hii zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, wakawa wanachanganya mawe ya chuma au ya manganizi na malakaiti yao kwa makusudi.

Kabla ya kuwasha tena, hakikisheni kwamba kijani chenu ni shaba. Mkoa wa Dodoma una mawe mengine ya kijani: yale ya Haneti, yanayouzwa kama vito, yamepata rangi yake kwa nikeli na hayana faida yoyote kwenye tanuri hili. Malakaiti inakwaruzika kwa kisu. Jiwe la Haneti linakwaruza kioo. Pasheni unga kidogo kwenye kijiko cha chuma: malakaiti inageuka nyeusi. Kisha fanyeni jaribio la msumari. Chukueni maji vipimo vitano kwenye chombo cha plastiki, ongezeni kipimo kimoja cha maji ya betri (tindikali ndiyo inayomiminwa kwenye maji, kinyume chake hurusha matone machoni), tieni kijiko cha unga wa jiwe. Malakaiti itachemka mapovu na maji yatakuwa ya buluu. Tumbukizeni msumari uliosuguliwa kwa msasa. Ndani ya dakika chache utavaa koti la rangi ya shaba. Msumari ukibaki vilevile na maji hayakubadilika rangi, msipoteze mkaa.

Kuna jaribio jingine ambalo wachimbaji wengi hawalitumii, nalo ni la bure. Pimeni jiwe kwa mizani, kisha lining'inizeni kwa uzi ndani ya maji na kulipima tena. Gawanyeni uzito wa hewani kwa tofauti ya vipimo viwili. Kwatzi tupu hutoa 2.65, malakaiti tupu hutoa 4.0. Jiwe lenye vitu hivyo viwili tu, bila matundu, likitoa 3.0 lina shaba karibu asilimia 20, likitoa 3.3 lina karibu asilimia 33. Mawe mekundu ya chuma huvuruga hesabu hii kwa sababu ni mazito, kwa hiyo lifanyeni kwenye mawe ya kijani na meupe pekee.

Kwa bei, hata hivyo, mnunuzi hatasikiliza hesabu ya uzi na maji. Anataka cheti cha maabara, na nyinyi mna bahati ya kuwa jirani na maabara ya Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, GST, hapo Dodoma mjini. Lakini matokeo ya maabara yanakuwa sahihi kadiri sampuli ilivyo sahihi. Kosa la kawaida ni kuokota jiwe zuri kuliko yote na kupeleka hilo. Likija jibu la asilimia 40, mnaingia sokoni na tumaini la uongo. Chukueni makoleo kutoka sehemu ishirini za lundo, pondeni yote hadi ukubwa wa punje ya mahindi, yamwageni juu ya turubai yawe lundo lililochongoka juu, gawanyeni lundo hilo robo nne, tupeni robo mbili zinazotazamana, changanyeni zilizobaki, rudieni hadi zibaki kilo mbili. Hizo ndizo za kupeleka.

Tuseme mzigo ni wa asilimia 20. Hapo kila kilo 10 zina shaba kilo 2, malakaiti karibu 3.5, na kwatzi kilo 6.5. Ili kilo moja ya kwatzi igeuke mavi yanayotiririka inahitaji karibu kilo 2.7 za mawe safi ya chuma. Zidisheni: mnahitaji kilo 17 za mawe ya chuma ili kuyeyusha kilo 10 za mawe yenu, na mkaa wa kuyapasha yote. Hakuna anayefanya hivyo akapata faida. Kwa hiyo kazi ya kwanza hufanyika mezani na kwenye karai, mbali na moto. Pondeni mawe kwa nyundo na kuchambua kwa mkono, kijani huku, nyeupe kule. Vipande vilivyochanganyika visageni hadi ukubwa wa punje ya mtama, chekecheni, kisha osheni kwenye karai au mwaloni (ubao wa kuoshea madini) kama mnavyoosha dhahabu, ila polepole zaidi, kwa sababu tofauti ya uzito kati ya malakaiti na kwatzi ni ndogo sana ukilinganisha na dhahabu. Msisage kuwa unga. Malakaiti ni laini kuliko kwatzi, inapondeka mapema, na unga wake huondoka na maji. Mkiona maji ya kuoshea yamekuwa na ukijani, mnamwaga shaba. Yaachieni bwawa la kutulia. Mkifikisha asilimia 40 mmepata makinikia ya kweli, yaani mchanga wa madini uliopunguzwa mawe yasiyo na kazi, neno ambalo wengi walilijua mwaka 2017 Serikali ilipozuia makinikia ya dhahabu na shaba kusafirishwa nje.

Na mawe ya chuma mtayapata wapi? Tazameni juu ya mwamba wenu. Mahali ambapo mvua imeozesha mwamba wenye shaba kwa miaka mingi mara nyingi hubaki kofia ya mawe mekundu na ya kahawia, mazito, yanayochora mstari mwekundu au wa kahawia kwenye kigae. Hiyo ndiyo oksidi ya chuma.

Tanuri lenyewe si kubwa. Jengeni bomba la wima lenye kipenyo cha ndani cha sentimeta 25 na urefu wa sentimeta 90. Tumieni udongo wa kichuguu, vipimo viwili, na mchanga kipimo kimoja, pamoja na nyasi zilizokatwakatwa ili ukuta usipasuke. Unene wa ukuta uwe sentimeta 12 hadi 15. Acheni tundu la mrija wa upepo sentimeta 18 juu ya sakafu, mrija uwe na kipenyo cha ndani cha sentimeta 2.5 hadi 3, uingie ndani kidogo kupita ukuta, na uinamie chini kidogo. Chini upande wa pili acheni mlango mdogo mtakaouziba kwa tofali na udongo. Sakafuni wekeni sentimeta tano za unga wa mkaa uliochanganywa na majivu. Kausheni kivulini juma zima. Tanuri likiwashwa likiwa na unyevu hupasuka, na joto la saa mbili za mwanzo huishia kwenye kukausha ukuta.

Siku ya kazi chagueni mahali pa wazi penye upepo. Washeni kuni nyepesi kwa muda wa saa moja bila bloa, kisha jazeni mkaa mgumu uliovunjwa ukubwa wa jozi hadi nusu ya ngumi, na washeni bloa taratibu. Bloa nyingi zina nguvu kupita kiasi, kwa hiyo wekeni kibao cha kuziba nusu ya mdomo wake. Hamna kifaa cha kupima upepo, lakini mkaa wenyewe ni kipimo: upepo ukiwa sawa, kilo moja ya mkaa inashuka kila dakika 15. Ikishuka kwa dakika 7, mmezidisha hewa na mnarudia kosa lile la kwanza. Ikichukua dakika 25, chini kutapoa na mavi yataganda mbele ya mrija.

Mchanganyiko wa kuanzia ni huu: makinikia kilo 7 ya asilimia 40, mawe ya chuma yaliyopondwa kilo 4.5. Hesabu safi ingetaka karibu kilo 5.7, ila majivu ya mkaa nayo ni kiyeyushi, yanapunguza mahitaji. Kaangeni makinikia kwanza juu ya bati hadi yawe meusi. Yasipokaangwa hupasukapasuka ndani ya tanuri na kugeuka unga. Kisha finyangeni mchanganyiko wote na samadi kidogo ya ng'ombe na maji kuwa vidonge vya ukubwa wa gololi, mkaushe juani. Samadi inashika punje pamoja hadi zifike kwenye joto, na inaungua bila kuacha madhara.

Tanuri likiwa jeupe mbele ya mrija, anzeni. Kila mkaa unaposhuka, wekeni kilo moja ya mkaa halafu nusu kilo ya vidonge juu yake, katikati, pasigusane na ukuta. Kilo 11.5, ambazo baada ya kukaanga makinikia zinabaki karibu kilo 10, zitachukua mikupuo 20, yaani karibu saa tano, na mkaa kilo 20 juu ya ule wa kuwashia. Baada ya mkupuo wa mwisho endeleeni kuongeza mkaa mtupu kwa dakika 40 ili matone ya shaba yapate muda wa kushuka ndani ya mavi. Hapo ndipo wengi huharibu kazi kwa haraka: wanazima mapema, na shaba inabaki imetawanyika kama mbegu ndani ya mavi yaliyoganda. Zibeni tanuri, mlifungue kesho yake. Chini kabisa, chini ya mavi meusi, mtakuta bonge la shaba. Mkipata robo tatu ya kilo 2.8 zilizokuwamo, yaani kama kilo 2, mmefanya vizuri.

Someni mavi kila mara. Meusi ya kijivu, mazito, yaliyotiririka na kutulia bapa ni mazuri. Yakivutika kama uji wa mlenda wakati wa moto na yakaganda na matundu, kwatzi imezidi. Ongezeni nusu kilo ya mawe ya chuma safari inayofuata. Yakiwa mekundu au ya kijani, hewa imezidi au mkaa kati ya mikupuo ulikuwa mchache. Na shaba ikishikwa na sumaku, ni kinyume chake: mkaa umekuwa mkali kupita haja, gesi imekinyang'anya hata chuma oksijeni yake na chuma kimeingia ndani ya shaba. Shaba ya namna hiyo ni ngumu, ya kijivu ndani, inavunjika mhunzi akiifua. Haijaharibika. Iyeyusheni tena kwenye chungu cha kuyeyushia, mtie mchanga safi kidogo na boraksi (unga mweupe wa kiyeyushi), mkiacha hewa iguse uso wake. Chuma kitaungua kwanza na kupanda juu kama mavi ya kuengua. Mkimaliza, koroga kwa kijiti kibichi cha mti: gesi zinazotoka kwenye kijiti huondoa oksijeni iliyobaki ndani ya shaba, na uso wake unakuwa laini. Kalibu ya kumiminia iwe imepashwa moto. Tone la maji chini ya shaba iliyoyeyuka hugeuka mvuke kwa ghafla na kuirusha usoni kwa mtu.

Kuna hatari nyingine tatu ambazo siwezi kuzipita. Ile kaboni monoksidi inayofanya kazi ya kutoa shaba haina harufu wala rangi, nayo inaua. Msifanye kazi hii ndani ya banda, na anayeona kichwa kinamuuma au anataka kutapika aondoke kwenye moshi mara moja na kwenda penye hewa safi. Pili, kipande cha jiwe kikipashwa na kunukia kitunguu saumu, kina aseniki. Acheni kazi na kupeleka maabara. Tatu, mkiendelea kuchimba mkakuta mawe ya manjano yanayong'aa kama dhahabu chini ya tabaka la kijani, hayo ni ya salfa, hasa kalkopairaiti yenye shaba asilimia 34.6. Msiyaingize kwenye tanuri hili. Kilo 100 zake zina salfa kilo 35, ambayo ikiungua inakuwa kilo 70 za moshi mkali unaochoma mapafu na kuua mimea. Mawe hayo ni ya kiwanda chenye mitambo ya kuelesha madini kwenye povu, si ya mkaa wa kijijini.

Je, inalipa? Nitasema ninavyoamini: kama biashara, hapana. Kilo 2 za shaba kwa karibu gunia zima la mkaa, siku nzima ya watu wanne, na juma la kukausha tanuri ni hesabu mbaya, na nchi kavu kama ya Mpwapwa haiwezi kubeba mzigo huo wa miti. Kondoa walishaona mmomonyoko unavyokula ardhi, hadi Serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, mwaka 1973. Katanga, katika Kongo ya leo, wayeyushaji wa kale walifanikiwa kwa matanuri ya udongo wa kichuguu kama hili kwa sababu malakaiti yao ilikuwa tajiri ajabu, na shaba ilikuwa fedha. Shaba hiyo ndiyo iliyomvuta Ngelengwa, mtoto wa mfanyabiashara wa Kisumbwa kutoka magharibi mwa Unyamwezi, akaenda Katanga katikati ya karne ya 19, akawa mtawala aliyeitwa Msiri hadi alipouawa Desemba 1891. Nyakati zile misafara iliyopita Mpwapwa na Ugogo ilitoa hongo, yaani ushuru wa njia, ya nguo, shanga na nyaya za shaba za kutengenezea vitindi, yaani bangili. Leo shaba ni bidhaa ya tani.

Tanuri hili lina faida ya kweli ya aina mbili. Linawafundisha kuujua mwamba wenu kuliko mnunuzi anavyoujua, na linampatia babu shaba ya kazi zake za mikono. Fedha yenu imo kwenye kuchambua na kuosha. Mzigo uliopandishwa kutoka asilimia 8 hadi 25 kwa nyundo, meza na maji, wenye cheti cha maabara, unauzwa kwa asilimia na tani, na mnunuzi hana tena nafasi ya kukadiria kwa macho. Wakati mkijadiliana, ulizeni kama anakata kwa ajili ya unyevu. Mzigo uliolowa mvua unaweza kuwa na maji ya asilimia kadhaa, ni haki ayatoe, lakini yapimwe mbele yenu kwa kukausha sampuli. Kuhusu sheria, leseni yenu ya uchimbaji haifungui mlango wa kila kitu: uchenjuaji na uyeyushaji wa kibiashara vina leseni zake chini ya Sheria ya Madini, Sura ya 123, na ofisi ya Tume ya Madini ya mkoa itawaeleza lipi linawahusu kwa ukubwa wenu.

Mtasikia pia habari ya kuloweka mawe kwenye tindikali na kuitoa shaba kwa vyuma chakavu, yaani lile jaribio la msumari likifanywa kwenye pipa. Njia hiyo ni ya zamani. China waliitumia kwa wingi tangu enzi ya Song, karne ya 11, kwa maji ya asili yenye shaba. Inafanya kazi, na haili mkaa. Kila kilo ya shaba iliyo kwenye malakaiti hula kilo 1.5 ya tindikali safi ya salfuriki, kisha vyuma chakavu kilo moja na nusu hadi mbili, na mnapata matope mekundu yenye shaba, si metali safi. Kabla ya kushawishika, dondosheni tone la tindikali kwenye jiwe lenu jeupe. Likichemka, si kwatzi bali ni chokaa, ambayo imetapakaa sana katika udongo wa Dodoma, na kila kilo yake itakunywa karibu kilo nzima ya tindikali bila kuwapa chochote. Na maji yanayobaki yana chuma na tindikali. Yasiguse korongo, kisima wala malisho. Bila bwawa lililotandikwa plastiki nene na chokaa ya kuyatuliza, msianze.

Sasa lile bonge. Lipimeni uzito, mliponde hadi punje za mtama, mlioshe kwenye karai. Shaba ina uzito mara 8.9 ya maji, kile kioo chini ya mara 4, kwa hiyo vipunje vyekundu vitabaki chini hata kwa mkono usiozoea. Vipunje hivyo viyeyusheni pamoja na boraksi kidogo kwenye chungu. Kioo kilichobaki, chenye madoa mekundu na ya kijani, bado kina shaba nyingi kuliko mawe mengi mliyochimba. Kihifadhini kwenye ndoo, na mkiwasha tanuri jipya changanyeni nusu kilo yake, pamoja na nusu kilo ya ziada ya mawe ya chuma, kwenye mzigo wa kwanza.